Uvimbe umeshuka kwenye picha, mbona jicho bado halijarudi?

Mtu akishaanza sindano za jicho kwa ajili ya mshipa wa retina ulioziba, kitu anachokisubiri kwa hamu ni majibu ya ile picha ya OCT, inayoonyesha unene wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho. Picha ikitoka nzuri, uvimbe wa maji umeshuka, dokta anafurahi, aliyemsindikiza mgonjwa anafurahi, halafu mgonjwa mwenyewe amekaa kimya maana yeye hajaona tofauti kubwa. Hilo ndo nataka kuliongelea, kwa sababu limetukuta nyumbani na mama yangu, na kwa sababu naona watu wengi wanapewa habari ya uvimbe tu bila kupewa habari ya kuona, wanadhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili. Vina undugu ndio, ila kimoja kinaweza kupona kingine kikabaki nyuma.

Mama ana sitini na kitu, presha anayo siku nyingi na dawa alikuwa anakunywa akijisikia vibaya, akijisikia vizuri anaacha (wazazi wetu wengi wako hivyo hivyo). Asubuhi moja jicho la kushoto likawa na ukungu, katikati kuna doa jeusi jeusi, akimwangalia mtu usoni anaona masikio na mabega lakini pua na mdomo havipo. Haliumi, haliwashi, halijawa jekundu. Sehemu ya kwanza tuliyompeleka wakasema mtoto wa jicho anaanza, asubiri akomae ndo afanyiwe upasuaji. Hakuna aliyemwekea matone ya kupanua mboni akaangalia nyuma ya jicho, na miezi ikakatika hivyo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mtoto wa jicho haji kwa usiku mmoja, anakuja polepole kwa miezi na miaka, kwa hiyo mzazi wako akikwambia "jana nilikuwa naona leo sioni" na hasikii maumivu, usikubali jibu la mtoto wa jicho mpaka mtu aangalie retina. Hilo tu, ukilishika hilo hata usiposoma mengine yote umepata kitu.

Sasa nini kinatokea humo ndani. Retina ni ule utando mwembamba nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na katikati yake kuna sehemu ndogo inaitwa makula, hiyo ndo ya kusomea, kutambua sura, kuona uzi unaingia kwenye tundu la sindano. Damu inaingia kwenye retina kwa ateri, inatoka kwa vena. Ile vena kuu inatoka jichoni pamoja na neva ya jicho kwenye njia nyembamba sana, ikiziba hapo retina nzima inajaa damu isiyo na pa kutokea, na hiyo ndo aliyopata mama. Ikiziba tawi tu, inaathirika sehemu ya retina, na mara nyingi inaziba pale ateri inapopita juu ya vena, maana hapo zinabanana kwenye ganda moja, ateri ikishakuwa ngumu kwa presha ya miaka mingi inaikandamiza vena, damu inapoteza mwendo, inaganda. Ya tawi ndo ya kawaida zaidi. Kuna makadirio ya mwaka 2015 kwamba watu kama milioni 28 duniani wa kuanzia miaka 30 mpaka 89 walikuwa na tatizo hili, zaidi ya milioni 23 kati yao ni la tawi. Presha ndo mchokozi namba moja, wengine ni umri, kisukari, mafuta kwenye damu, na glakoma (presha ya ndani ya jicho inayoharibu neva yake) hasa kwa vena kuu.

Damu ikikwama, vimishipa vidogo vinavuja maji, retina inakosa oksijeni, na retina inayokosa oksijeni inatoa kemikali inaitwa VEGF ambayo kazi yake ni kuita mishipa mipya na kulegeza kuta za mishipa iliyopo. Kuta zikilegea zinavuja zaidi. Maji yanajaa kwenye makula, ndo huo uvimbe. Katikati ya makula ya mtu mzima kwa kipimo cha OCT huwa na unene wa mikroni kama 250 hadi 270 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), sasa kwa mtu aliyeziba vena kuu unaweza kukuta 600, unakuta 700, na kwenye picha unayaona kabisa yale mapovu meusi yamepangana ndani ya retina. Mi siku ya kwanza kuonyeshwa kwenye skrini nilielewa ndani ya dakika moja kitu ambacho maelezo ya miezi hayakunielewesha.

Na hiyo mashine yenyewe ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Kazi ya kwanza ya OCT ilichapishwa mwaka 1991 na watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani. Kabla ya hapo dokta alikuwa anakadiria uvimbe kwa jicho lake tu kupitia lenzi. Na matibabu pia yamebadilika ndani ya umri wa mama. Mwaka 1984 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba leza inasaidia waliozibwa tawi, asilimia 65 ya waliopigwa leza walipanda mistari miwili ya ile chati ya herufi za kupimia macho ukilinganisha na asilimia 37 ya wasiopigwa. Kwa vena kuu wakajaribu hivyo hivyo, majibu yakatoka katikati ya miaka ya 90, na nataka uyasikie vizuri kwa sababu ndo kiini cha haya yote: leza ilipunguza uvujaji na uvimbe, ila kuona hakukuongezeka kuwazidi wale ambao hawakupigwa. Yaani tangu wakati ule madokta walishajua kwamba unaweza kukausha makula na mgonjwa asisome hata herufi moja ya ziada. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba aliyeanza na jicho zuri mara nyingi alibaki nalo, na walioanza chini ya 6/60 (6/60 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho lenye afya linakiona kwa mita 60), wanane kati ya kumi walibaki hukohuko.

Halafu ikaja 2005, Miami. Dokta Philip Rosenfeld na wenzake walichukua bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo mkubwa inayozuia ile VEGF, iliyokuwa imeidhinishwa Marekani mwaka mmoja kabla, wakaichoma kidogo sana ndani ya jicho la mgonjwa aliyeziba vena kuu na makula imevimba. Ndani ya wiki moja yule mgonjwa akatoka 6/60 akafika karibu 6/15 na maji kwenye picha yakawa yameondoka. Mgonjwa mmoja tu, lakini dunia ya macho ikageuka. Baadaye zikaja tafiti za kueleweka, za ranibizumab, dawa nyingine ya kuzuia VEGF, zikatoka 2010, moja ya tawi inaitwa BRAVO na moja ya vena kuu inaitwa CRUISE. Kwenye CRUISE, waliochomwa dawa kila mwezi kwa miezi sita walipata wastani wa herufi karibu 15 kwenye chati, hiyo ni mistari mitatu, na waliochomwa sindano ya kuigiza (hakuna dawa inayoingia) hawakufikisha hata herufi moja ya wastani. Kwenye BRAVO walipata herufi 18 kwa 7.

Hapo ndo watu huwa wanaishia kusoma. Mi nakuomba usogee mbele kidogo, mpaka mwezi wa 12 wa tafiti hizo.

Baada ya miezi sita, wale waliokuwa wanapewa sindano ya kuigiza na wao wakaruhusiwa dawa yenyewe. Uvimbe wao ukashuka. Ulishuka vizuri tu, mwisho wa mwaka unene wa makula yao ulikuwa umepungua karibu sawa na wale walioanza mapema. Ukiziangalia picha za makundi mawili usingeona tofauti ya maana. Sasa kuona je? Walioanza mapema walikuwa na herufi karibu 14 za faida, waliochelewa miezi sita walikuwa na 7. Kwenye tawi, 18 kwa 12. Dawa ni ileile, uvimbe umeshuka kiasi kilekile karibu, na kuona kumebaki nyuma. Nilipoielewa hiyo namba nilikaa nayo sana, kwa sababu inamjibu mama kwa swali alilomuuliza dokta siku picha yake ilipotoka nzuri, "sasa kama maji yamekauka mwanangu, mbona bado sikuoni usoni?"

Dokta wa retina tuliyempata baadaye ni mtu mvumilivu, akamgeuzia mama ile skrini akamwonyesha. Juu maji yameondoka kweli. Chini, kuna mstari mweupe unaopita retina nzima, pale ambapo seli zinazopokea mwanga zimejipanga, na katikati kabisa ule mstari ulikuwa umekatika katika. Akasema seli zilizokaa ndani ya maji muda mrefu zinachoka, nyingine zinakufa, na dawa inaondoa maji lakini seli iliyokufa hairudishi. Watu wa Jangwani pale Dar es Salaam watanielewa haraka, mafuriko yakishuka nyumba inaonekana kavu, ila godoro na unga na vyeti vya watoto hali yake inategemea maji yalikaa siku ngapi.

Kuna sababu ya pili nayo, kukosa damu. Wengine retina yao imevimba tu, wengine vile vimishipa vidogo vimefungwa kabisa kiasi kwamba sehemu ya makula haipati chakula. Huyo hata ukikausha maji yote kuona kutarudi kidogo tu, na kuna kitu cha ajabu zaidi, makula iliyokosa damu inaweza kuwa nyembamba kuliko kawaida, kwa hiyo namba ya unene kwenye karatasi inaonekana nzuri na mgonjwa haoni. Ndo maana walimchoma mama ile rangi ya njano mkononi wakapiga picha za mishipa, mkojo ulitoka wa njano kali na ngozi nayo ikawa ya njano kwa siku ile lakini walishatuambia mapema tusishtuke. Picha hiyo ndo inaonyesha damu inafika wapi na haifiki wapi. Ya mama ilikuwa ya kati kwa kati, sio mbaya kabisa, na dokta akatuambia isichukuliwe kuwa imeisha hapo, kwa sababu kuna macho yanaanza na damu inafika halafu yanageuka, katika ule utafiti wa miaka ya 90 kama theluthi moja yaligeuka ndani ya miaka mitatu. Jicho likigeuka kuwa la kukosa damu kabisa, ile VEGF inaotesha mishipa mipya mbele ya jicho, inaziba njia ya maji, presha ya jicho inapanda vibaya na jicho linauma sana. Hiyo glakoma hutokea zaidi miezi ya mwanzo, wazee wa kazi waliita ya siku 100. Kwa hiyo zile kliniki ambazo dokta anaangalia tu ile sehemu ya mbele yenye rangi ya jicho, kama mishipa mipya imeota, na kupima presha yake bila kuchoma chochote zina kazi yake, usiziruke kwa kuona umepoteza nauli bure.

Watafiti walishalinganisha unene wa makula na herufi anazosoma mtu, kwa wagonjwa wengi wa mishipa iliyoziba, wakakuta uhusiano upo lakini ni dhaifu kuliko ambavyo mtu angetegemea. Unaweza kuwa na watu wawili wana mikroni 500 wote, mmoja anasoma Biblia yake au msahafu wake bila shida na mwingine hesabu ya vidole inampiga chenga. Na kitu kingine kinachozidi kuonekana kwenye tafiti ni kwamba kupanda na kushuka kwa uvimbe kunaenda pamoja na kuona kubaya mwisho wa safari, makula ambayo mwezi huu imekauka mwezi ujao imevimba halafu imekauka tena inaumia kuliko iliyotulia. Na kwetu huku kupanda na kushuka ndo kwingi, kwa sababu sindano zinategemea hela imepatikana au haijapatikana, dawa ipo au imeisha, dokta wa retina yupo wiki hii au kasafiri.

Hela. Lazima niseme kuhusu hela maana bila hiyo haya yote ni hadithi. Dawa ziko za bei tofauti sana, ranibizumab na aflibercept zimetengenezwa maalum kwa jicho na ni ghali, bevacizumab inatoka kwenye chupa ya saratani ya mililita 4, inagawanywa kwenye visindano vidogo vya mililita 0.05 kwa jicho moja, kwa hiyo chupa moja inahudumia watu wengi na bei inashuka sana. Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho mwaka 2013. Swali ambalo kila familia inauliza, je, ya bei nafuu inafanya kazi? Kwa vena kuu kuna majibu mawili na ni vizuri kuyajua yote mawili. Utafiti wa Marekani wa 2017, SCORE2, ulikuta baada ya miezi sita bevacizumab na aflibercept zimetoa karibu kitu kilekile, herufi 18.6 kwa 18.9, sindano kila mwezi. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2019, LEAVO, ulifuata watu 463 kwa karibu miaka miwili, wakakuta aflibercept herufi 15.1, ranibizumab 12.5, bevacizumab 9.8, na hawakuweza kuthibitisha kwamba bevacizumab sio dhaifu kuliko hizo nyingine. Mi nikiisoma kama mtoto wa mgonjwa anayelipa mfukoni naiona hivi, bora bevacizumab kwa wakati na mfululizo kuliko kusubiri miezi minne mtafute hela ya ile ghali, kwa sababu ule utafiti wa CRUISE ulishatuonyesha kusubiri kunagharimu nini. Ila kama bima inakubali ile ghali na uvimbe hausikii hii ya bei nafuu, muulizeni dokta kuhusu kubadilisha, msione aibu. Na hakikisheni inagawanywa sehemu yenye usafi wa uhakika, hilo halina mjadala, maana uchafu ukiingia kwenye chupa moja unaenda kwenye macho ya watu wengi.

Kuna steroidi pia, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kuchoma au kile kidonge kidogo cha deksamethasoni kinachowekwa ndani ya jicho kikayeyuka kwa miezi. Inasaidia kwa baadhi, hasa VEGF peke yake isipokuwa ndo tatizo lote, ila inaleta mtoto wa jicho haraka na inapandisha presha ya jicho, kwa hiyo mwenye glakoma awe makini sana.

Sindano yenyewe watu wanaiogopa mno, mama usiku wa kabla hakulala. Kwa kweli kilichomsumbua ni iodini kuwasha baadaye, sindano yenyewe alisema alisikia kama kusukumwa tu. Wanakuwekea matone ya ganzi, wanasafisha na iodini, wanaweka kile kichuma cha kushikilia kope usipepese, halafu sindano nyembamba inaingia kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa cheusi, sekunde chache imekwisha. Ukiona vidoa vinaelea siku hiyo au damu kidogo kwenye weupe usitishike. Kinachotisha ni maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi na kuona kunakoshuka siku zinazofuata, hiyo ni dharura, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili, maambukizi ndani ya jicho ni adimu lakini yanamaliza jicho kwa muda mfupi sana.

Sasa kuhusu kuacha. Hapa ndo ninapoona watu wengi wanaumia. Mgonjwa akichomwa chache akaanza kuona, anaona kapona, hela inaelekezwa kwenye ada za watoto, kliniki inaachwa. Wengine ni kinyume chake, kachomwa chache haoni tofauti, anasema dawa haifanyi kazi, anaacha. Wote wawili wanaacha wakiwa wanaangalia kitu kimoja tu, yule wa kwanza kuona kwake, yule wa pili naye kuona kwake, na hakuna aliyeangalia picha. Kuna wagonjwa wa tafiti za ranibizumab waliendelea kufuatiliwa baada ya mwaka wa kwanza lakini kwa nafasi kubwa zaidi kati ya miadi na miadi, wale wa tawi wakabaki vizuri, wale wa vena kuu wakapoteza sehemu ya herufi walizokuwa wamezipata. Na ufuatiliaji mwingine wa kama miaka minne ulikuta uvimbe umeisha kabisa bila kuhitaji sindano tena kwa nusu ya wenye tawi na asilimia 44 ya wenye vena kuu. Maana yake kwa wengi hii ni safari ya miaka, na kuna wanaofika mwisho wake. Mama tulimwambia hivyo mapema kabisa, kwamba usihesabu sindano ngapi zimebaki kama unavyohesabu dozi ya malaria, tunaenda tunapima, ikitulia dokta anarefusha muda, ikirudi anaufupisha. Alinuna, halafu akakubali.

Kwenye kliniki sasa hivi huwa tunauliza vitu viwili kila mara na ninaviandika kwenye daftari moja. Herufi ngapi leo, na unene kiasi gani leo. Ukiwa na namba hizo mbili kila mwezi unaanza kuona picha kamili, unene unashuka na herufi zinapanda, vizuri. Unene umeshuka herufi zimekwama, hapo uliza kuhusu ule mstari wa seli, uliza kuhusu damu kufika, uliza kama kuna mtoto wa jicho anayeongezea ukungu, maana na huyo anaweza kuwepo kweli na anatibika. Unene umepanda herufi hazijashuka bado, hilo ni onyo, kuona kunaweza kukaa nyuma kidogo ya uvimbe hata katika kuharibika. Vituo vingi wanasoma chati ya 6/6, 6/9, 6/60 na sio herufi, haina shida, andika hiyohiyo, ila hakikisha anapimwa na miwani yake ileile kila safari, au kupitia kile kitundu kidogo cha kuchungulia, na lile jicho lisilo na ugonjwa limezibwa vizuri. Mama alikuwa anachungulia kwa jicho zima katikati ya vidole, hakuwa anadanganya, alikuwa anataka kumfurahisha sista.

Nyumbani tumebandika karatasi ya miraba, ile ya mistari iliyonyooka na nukta katikati, karibu na kalenda. Anaziba jicho la kulia, anaangalia nukta, mistari ikipinda zaidi ya jana au shimo likikua ananiita. Na simu yake nimekuza maandishi, SMS za M-Pesa anasoma mwenyewe kwa jicho zima bila kuomba mjukuu, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Jicho la kushoto limefika wapi? Doa bado lipo katikati, limepauka. Usoni ananitambua nikiwa karibu, kusoma kwa jicho hilo peke yake anasoma vichwa vya habari, habari yenyewe hapana. Dokta alisema wazi kwamba huenda hapo ndo karibu na mwisho wake, na kwamba sindano zinazoendelea sasa ni za kulinda kilichopo. Mi nilishukuru kwa kuambiwa vile, na mama pia, alisema afadhali anajua anachokilinda ni nini. Kuna watu wanaficha hiyo habari kwa huruma na mgonjwa anaendelea kusubiri jicho la zamani lirudi kila baada ya sindano, kila mwezi anavunjika moyo upya.

Kinachonisumbua kichwa sasa ni jicho la kulia, maana mtu aliyeziba upande mmoja ana hatari kubwa kuliko mtu mwingine ya kuziba upande wa pili, na mishipa iliyobanana ni ileile, presha ni ileile. Kwa hiyo vita imehamia kwenye mashine ya presha pale mezani, asubuhi na jioni, na dawa anakunywa hata siku akijisikia vizuri, sukari na mafuta vimepimwa, presha ya jicho la kulia nayo inapimwa kila tukienda kwa ajili ya la kushoto. Wiki iliyopita tulivutana kuhusu chumvi ya kwenye dagaa. Akasema dagaa bila chumvi sio dagaa, nikamwambia mama, loweka kwanza umwage maji, tutaonja halafu tuone.